Honi Mara Mbili

Chumba tulikipanga Isevya, nyuma ya mashine ya kusaga,
elfu themanini kwa mwezi, umeme mbali.
Meza ilikuwa mlango mkuukuu juu ya mizinga miwili
isiyo na nyuki ila harufu yao.
Hapo tuliandika mizani ya asali:
mfugaji apime ndoo yake, abonyeze simu,
aione bei kabla mchuuzi hajakohoa.

Kashindye aliandika hesabu.
Mihayo alizunguka Sikonge kwa pikipiki ya breki moja.
Mimi niliandika maneno ya kwenye kioo,
mafupi, ya mtu mwenye asali vidoleni.

Hatukuwa na vikao. Tulikuwa na miguno.
Kashindye akiguna mara moja, kosa ni dogo.
Akiguna akavua miwani, nainjika chai,
usiku huo hatulali.
Siku moja nilichungulia tu begani kwake:
"Hiyo sifuri mbona imekaa kushoto?"
Alicheka mpaka mwenye mashine akazima injini
kuuliza kuna nini.

Kisha fedha zikaja, zikaja na mtu,
mtu akaja na kikokotoo:
kodi ya chumba ni bando la watu watatu,
kila mmoja afanyie kazi alipo,
kazi haina kiti.
Kashindye akahamia Dar. Mihayo akabaki Sikonge, akaoa.
Mimi nikabeba mlango wetu hadi nyumbani, mizinga nikaiacha,
na sitasema uongo, nilifurahi.
Mama alikuwa ameanza kusahau kwamba moto unaunguza.
Niliandika huku jicho moja liko jikoni.
Ofisi gani ingenipa hilo?

Sasa kila Jumatatu saa tatu
tu vichwa ndani ya vijisanduku,
kama picha za vitambulisho zilizokataa kutulia.
"Mnanisikia?" "Tunakusikia." "Mnaniona?"
Nusu ya kazi ni kuthibitisha kwamba tupo.
Kashindye hafungui kamera;
mtandao wa Sinza, anasema, unasumbua.
Haguni tena. Au anaguna akiwa amezima sauti,
na mguno uliozimwa, nani atauinjikia chai?

Jumatatu iliyopita treni ya bara ilichelewa, kama kawaida yake,
ikaingia katikati ya kikao.
Tabora ndipo mabehewa hukatwa,
haya Mwanza, yale Kigoma,
na watu waliomegeana mayai tangu Morogoro
huagana madirishani bila kujuana majina.
Honi ikalia. Niliisikia dirishani kwangu.
Kabla sijapepesa jicho
nikaisikia tena, masikioni,
ikitoka kwenye kisanduku cheusi chenye jina la Kashindye.

Ileile. Yenye mkwaruzo mwishoni.

Sauti yake ikazimwa upesi.
Mihayo akaendelea kusoma uzito wa ndoo;
Sikonge hakuna reli, hakujua kitu.

Nami ningesema nini mbele ya mwenye fedha?
Kwamba Dar imemshinda kodi?
Kwamba amerudi, na kurudi kunamwonea haya,
na labda mwezi mzima sasa
ananunua mkate duka ninalonunua mimi,
jioni, nikishaondoka?

Usiku nikamwandikia: "Umeisikia?"
Nikafuta.
Nikaandika: "Sifuri imekaa kushoto."
Akasoma. Vinukta vitatu vikatokea,
vikapotea, vikatokea.

Ufunguo wa Isevya bado ninao.
Mwenye mashine hajapata mpangaji,
ila anasema mzinga mmoja umeingia nyuki,
na anauliza
kodi yao amdai nani.